Mzigo wa mtandaoni mpaka Mwanza: Guangzhou, Kampala au Nairobi?

VyomboKirumba
Wadau, habari za jioni. Nina duka la vyombo vya jikoni hapa Kirumba na nimechoka kununua kila kitu kupitia mtu wa kati. Mtandaoni nimepata bei sehemu tatu: Guangzhou kupitia Alibaba, muuzaji wa Kampala anayepokea oda kwa WhatsApp, na kiwanda cha sufuria Nairobi. Kampala inanivutia zaidi, maana naambiwa ndani ya Afrika Mashariki hakuna ushuru. Mnaonaje?

MzeeWaMutukula
Dada, aliyekuambia hivyo amekupa nusu ya habari. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005, na msamaha wake unafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa. Duka liko wapi, hilo halihesabiki. Chupa ya chai ya China iliyouzwa Kampala ikifika Mutukula, mpakani mwetu na Uganda, bado ni ya China. Afisa anageuza boksi, anasoma ilikotengenezwa, unatozwa. Na ushuru alioulipa muuzaji alipoiingiza Uganda umeshakaa ndani ya bei aliyokupa, kwa hiyo unaubeba mara mbili.

Sufuria za Nairobi ni habari nyingine. Kama kweli zimetengenezwa Kenya, mwombe muuzaji cheti cha uasili wa bidhaa kabla hujatuma hela. Mzigo usiozidi dola 2,000 una njia nyepesi: bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti kilichorahisishwa kinatolewa palepale mpakani. Ukizidi hapo, lazima cheti kamili kutoka mamlaka ya nchi unakotoka mzigo.

BintiNyegezi
Mzee kasema kweli, ila msisahau VAT. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu. VAT ya asilimia 18 unalipa hata bidhaa ikitoka Kenya. Nimeona wafanyabiashara wakigombana na maafisa Sirari, mpakani na Kenya, kwa sababu hiyo, na wafanyabiashara ndio hawakuwa sahihi.

HesabuKwanza
Kwa upande wa Guangzhou, fanya hesabu hii kabla ya kulipia. Ushuru haukokotolewi kwenye bei ya bidhaa peke yake, unajumlisha usafiri na bima. Tuseme bidhaa ni dola 1,000, usafiri na bima 200. Thamani ya forodha ni 1,200. Ikiwa iko kwenye daraja la ushuru la asilimia 25, ushuru ni 300. VAT inapigwa juu ya 1,500, yaani 270. Hapo tayari ni 570, bado tozo ya reli na gharama za wakala wa forodha. Tangu Julai 2022 kuna pia daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazozalishwa kwetu, fanicha na nguo zikiwemo. Mpe wakala maelezo kamili ya bidhaa akutafutie daraja lake mapema, siyo mzigo ukiwa bandarini.

Na usikubali muuzaji akuandikie ankara ya bei ya chini "kukusaidia". Forodha wana haki ya kuikataa na kutafuta thamani kwa njia nyingine. Tunza ankara ya kweli na uthibitisho wa malipo ya benki.

IgomaMizigo
Wengi hapa Mwanza wanatumia wasafirishaji wanaochanganya mizigo, unalipa kwa kilo au kwa ujazo na kodi imo humo. Kwa mzigo mdogo ni rahisi, sipingi. Tatizo ni karatasi. Mzigo unaingia kwa jina la mtu mwingine. Mwaka jana nilidai nyaraka za mzigo wangu nikapewa risiti ya usafiri tu. Ukaguzi ulipofika dukani sikuwa na cha kuonyesha kwamba kodi ililipwa. Kwa duka la kudumu kama lako dada, ingiza kadhia, yaani tamko la mzigo forodhani, kwa TIN (namba ya mlipakodi) yako mwenyewe hata kama ni ghali kidogo.

VyomboKirumba
Asanteni sana. Huyu wa Kampala sasa anasema atanipa cheti cha COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, au kile cha soko huru la Afrika. Kinasaidia?

MzeeWaMutukula
Cha COMESA hapana. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Uganda na Kenya bado wamo. Na la Afrika nzima, AfCFTA, biashara yake ilifunguliwa Januari 2021 na sisi tumo, lakini nalo linauliza swali lilelile: imetengenezwa wapi? Chupa ya China haipiti.

BintiNyegezi
Mimi ningeanza na sufuria za Nairobi kupitia Sirari, chupa na vitu vidogo nichukue Guangzhou kwa kadhia yangu, Kampala niiache. Angalia pia kama sufuria zina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana alama za mashirika ya viwango ya nchi wanachama wa Jumuiya zinatambuliwa na TBS, shirika letu la viwango.

VyomboKirumba
Nimekuelewa mdogo wangu. Kesho naandikia kiwanda kuhusu cheti.

HesabuKwanza
Hakikisha jina la mnunuzi, idadi na uzito kwenye cheti vinalingana na ankara. Vikitofautiana, mzigo unalala mpakani na gharama za kuhifadhi ni zako.