Wakuu, `say` ya Perl (lugha ya programu) ilistahili kufungiwa?

Fundi wa Mafiati: Perl 5.10 ilileta `say`, yaani `print` inayoweka mstari mpya yenyewe. Lakini ukiiandika hivi hivi inagoma mpaka juu ya faili uweke `use feature 'say';` au `use v5.10;`. Kitu cha kurahisisha unakitia kufuli la nini?

Kiazi cha Njombe: Kuna skripti za kabla ya 2008 zenye `sub say` (kazi, yaani function) yao wenyewe. Ingewashwa kwa wote, zingeita `say` ya lugha badala ya yao. Ila mvivu wa kuandika `\n` hawezi kuliona hilo.

Fundi wa Mafiati: Mvivu nani? Halafu 5.10 ni Desemba 2007. Unatukana watu na mwaka wenyewe unababaisha.

Binti Kalenga: Kaka Kiazi, hapo si uvivu. Watu wanaandika `print @a . "\n"` wanapata 3 badala ya vitu vitatu, maana nukta inailazimisha arei (orodha `@a`) itoe idadi. `say @a` haina mtego huo.

Kiazi cha Njombe: Ina wa kwake. Soma faili kwa `<$fh>`, sahau `chomp` (inayokata mstari mpya wa mwishoni), kisha `say`: kila mstari unafuatwa na mtupu. Hata `print()` ya Python 3 ni hivyo hivyo, mpaka uweke `end=''`.

Mzee wa Uyole: Python msiitaje hapa. `print "habari"` iliyokuwa halali wameigeuza kosa la sintaksi. Perl walibisha hodi kwanza.

Binti Kalenga: Shikamoo mzee. Hodi gani? Weka koma baada ya `STDERR` (njia ya kutolea makosa) kwenye `say STDERR "kosa"` uone inavyokufokea. Python unaandika `file=sys.stderr`, umemaliza.

Mzee wa Uyole: Marahaba. Koma unaiweka ya nini, mwanangu?

Fundi wa Mafiati: Kiazi hajafuta neno lake.

Kiazi cha Njombe: Watu wa Mbeya mkiguswa kidogo mnaitisha kikao! Kwenye tamino (terminal) andika `perl -E 'say "habari"'`, E kubwa inawasha yenyewe. `-e` ndogo inakupa kosa. Na tangu 5.16 `CORE::say` inapita bila kuwashwa. Kufuli liko wapi?

Fundi wa Mafiati: Herufi sita za ziada ili niokoe mbili. Na "watu wa Mbeya" imeingiaje?

Mzee wa Uyole: `echo "a\nb"` ya bash inaacha `\n` ilivyo, ya dash (zote ni shell, programu za kupokea amri) inavunja mstari. Tumieni `printf '%s\n'`.

Fundi wa Mafiati: Mzee, echo kauliza nani? Kiazi, nakusubiri.