Jedwali linaonyesha hatua mbili zinazoshinda: fumbo langu la tamati limeharibika?

mtunzi_c7

Wakuu, naomba msaada wa ukaguzi. Nina fumbo la tamati la sataranji (mkao wa mwisho wa mchezo, wenye kete chache), Mweupe anaanza na kushinda. Kete ni 9 mwanzoni, zinabaki 7 baada ya hatua ya 3. Stockfish, injini ya sataranji, inaanza na hatua ninayoitaka, ila mambo matatu yananitatiza:

1. Alama yake (makadirio ya faida ya Mweupe) ni +1.4 tu, haipandi hata nikiiacha dakika 10.
2. Hatua ya 5, jedwali la tamati la Lichess (hifadhi ya mtandaoni ya matokeo kamili ya mikao yenye kete chache) linaonyesha hatua mbili za Mweupe zinazoshinda. Suluhisho langu lina moja, na fumbo linatakiwa liwe na njia moja tu.
3. Kwenye tawi moja la utetezi wa Mweusi, jedwali linasema ushindi unazuiwa na kanuni ya hatua 50 (sare ikiwa hatua 50 zinapita bila kete kuliwa wala askari kusogea).

Nikague vipi kabla ya kulipeleka mashindanoni?

ngome_a4

Mkuu, usianzie mwanzo. Anzia mwisho wa suluhisho, rudi nyuma hatua moja moja. Ukifanya hivyo bila kufuta kumbukumbu ya injini (Hash), kila ilichokipata mbele inakitumia unaporudi, na alama yako ya +1.4 huenda ikapanda yenyewe ukifika hatua ya kwanza.

Mpangilio: Hash kubwa kadiri RAM inavyoruhusu, MultiPV (idadi ya hatua inazokuonyesha) iwe 4 au 5 ili uone hatua mbadala za Mweupe na si ile bora peke yake. Weka SyzygyPath (mpangilio wa folda) ielekee kwenye majedwali ya tamati ya Syzygy. Ya kete 5 hayafiki GB 1, kila mtu ayashushe. Ya kete 6 ni kama GB 150, yanataka diski yake. Ya kete 7 ni takriban TB 17, hayo yaulize mtandaoni.

Suala lako la tatu ndilo jepesi. Kanuni za utunzi haziihesabu kanuni ya hatua 50 ndani ya suluhisho, isipokuwa fumbo lenyewe liseme hivyo. Kwa hiyo ushindi huo unahesabika kama ushindi kamili. Farasi wawili dhidi ya askari mmoja wanaweza kuhitaji hadi hatua 115, na katika fumbo ni ushindi halali. Kwenye Stockfish zima Syzygy50MoveRule, la sivyo itakuandikia sare mahali pasipo na sare. Ila angalia na upande wa pili: kama hatua mbadala ya Mweupe ina ushindi wa namna hiyo, nayo inaharibu fumbo.

kitunda_huru

Suala la pili linataka utulivu, kwa sababu jedwali halijui tofauti kati ya njia mpya na kupoteza muda. Chukua fumbo la Saavedra la 1895: Mweupe ana mfalme b6 na askari c6, Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. (K ni mfalme, R ngome, Q malkia; askari hana herufi.)

1.c7 Rd6+ 2.Kb5 Rd5+ 3.Kb4 Rd4+ 4.Kb3 Rd3+ 5.Kc2 Rd4! 6.c8=R! Ra4 7.Kb3, na Mweusi hawezi kuokoa ngome na kuzuia mati kwa pamoja. Akipandisha malkia, 6.c8=Q Rc4+ 7.Qxc4, mfalme mweusi hashambuliwi wala hana pa kwenda: sare.

Sasa liweke kwenye jedwali. Hatua ya 4 litakuambia Kc3 nayo inashinda. Ni kweli, lakini 4.Kc3 Rd1 5.Kc2 Rd4 inakurudisha kwenye mkao uleule, na c8=R bado ni lazima. Hatua ya 6 litaonyesha c8=R, Kb3 na Kc3 zote zinashinda. Mbili za mwisho zinarudia mikao iliyokwisha kupita tu. Hakuna mtunzi anayelitupa fumbo hili kwa sababu hiyo, na wazo lake lilionekana bila mashine yoyote!

Kwa hiyo ifuate hatua ya pili hadi mwisho, ukimpa Mweusi utetezi wake bora. Ikirudi kwenye njia kuu, ni doa dogo. Ikifika ushindi bila kupita kwenye wazo lako, fumbo limevunjika.

mtunzi_c7

Asante. Nimeifuata: askofu anarudi d2 badala ya e1, na haturudi tena kwenye njia kuu. Anamla askari wa safu ya h taratibu.

kitunda_huru

Basi limevunjika mkuu, lakini linaweza kutibika. Jaribu kwanza kuhamisha mkao wote safu moja kushoto au kulia. Mara nyingi mraba wa ziada unapotea ukingoni. Ukishindwa, anza fumbo baada ya hatua ya 5, ikiwa kinachobaki bado kina uzito. Kuongeza askari wa kuziba d2 kuwe chaguo la mwisho, maana kete zikifika 8 unatoka nje ya jedwali la kete 7 na kubaki na maoni ya injini. Marekebisho yoyote yanadai ukaguzi mzima upya, hata majaribio ya uongo ya Mweupe (hatua zinazoonekana kushinda lakini hazishindi).

ngome_a4

Niongeze mambo mawili ambayo injini huyakosea.

La kwanza ni mkao ambao anayetakiwa kucheza ndiye anayeharibikiwa. Ili kukata matawi, injini hudhani kuruka zamu ni kubaya kuliko kucheza, na hapo dhana hiyo si kweli. Kwenye FEN (mstari wa maandishi unaoeleza mkao) badili w, zamu ya Mweupe, iwe b, zamu ya Mweusi, uchambue mkao uleule kwa zamu zote mbili. Kama matokeo yanageuka, taja mkao huo kwenye maelezo yako, mwamuzi atautafuta.

La pili ni ngome isiyobomoka (si ile kete), yaani Mweusi amejifungia na hapenyeki. Linganisha alama kwenye kina (hatua injini inazotazama mbele) cha 30, 40 na 50. Zikiganda palepale huku hakuna askari anayesogea wala kete inayoliwa, usiamini +1.4 hiyo. Cheza mwenyewe upande wa Mweupe, lazimisha mabadilishano hadi kete 7, kisha uliza jedwali.

Mwisho, tafuta kama wazo lilishatungwa. Hifadhidata ya Harold van der Heijden ina mafumbo zaidi ya 90,000, na CQL, lugha ya kutafuta mikao, inakuwezesha kutafuta kwa umbo la mkao, hata kama kete zimehamia safu nyingine.