Hii "kujifunza kwa miradi" tunayofanyishwa walimu tarajali wa kompyuta ni kiini macho

Wakuu, yamenifika kooni. Kila muhula tunaambiwa eti somo letu la kompyuta linafundishwa kwa miradi. Mradi gani? Mkufunzi anasoma orodha ya mada, anatugawa makundi, anapotea. Anaibuka siku ya kuwasilisha, na swali lake la kwanza ni kwa nini kurasa hazina namba.

Hiyo ni kazi ya kundi iliyobadilishwa jina. Kilpatrick, mwanaelimu wa Marekani, alipoandika kuhusu mbinu ya miradi mwaka 1918, msingi wake ulikuwa shughuli ambayo mwanafunzi anaifanya kwa dhamira yake na kwa moyo wote. Sisi tuliomba kuunda programu ya mahudhurio ya darasa, tukajibiwa haimo kwenye orodha. Tukapewa "mfumo wa maktaba", ule ule wa waliotutangulia, na faili zao zinazunguka kwenye flashi. Nani atajisumbua kuandika msimbo?

Ndani ya kundi nako mnajua. Anayeijua Python, lugha ya kuandikia programu, anakesha, mmoja anapamba slaidi, waliobaki wanaandikisha majina. Alama sawa kwa wote! Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ipo tangu 2005, ni ya bure, inaonyesha nani kabadili nini na lini. Hakuna anayetaka kuifungua.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni hili: sisi tunaenda kuwa walimu. Nani kanifundisha kuugawa mradi uwe hatua ambazo mtoto anaziweza? Nimsaidieje aliyekwama bila kumnyang'anya kipanya? Nimpe alama gani ambaye programu yake imegoma lakini anaeleza vizuri kosa liko wapi? Papert na wenzake walipoleta Logo, lugha ya kuwafundishia watoto kuandika programu, mwaka 1967, kwake kusaka kosa kulikuwa sehemu ya kujifunza kwenyewe. Kwetu programu ikigoma mbele ya jopo unakatwa alama, basi. Ndiyo maana siku hizi makundi yanaleta picha za skrini. Picha haigomi.

Na msiniambie muda hautoshi. Punguzeni iwe mradi mmoja kwa mwaka, halafu tuupeleke kwenye mazoezi ya kufundisha, tuusimamie na wanafunzi wa kweli, na alama zitoke huko.

Mlioko vyuo vingine, mkufunzi wenu anapita kwenye makundi katikati ya muhula au nanyi mnaonana siku ya jopo?