Mjadala: Uhuru wa kuabudu Uganda uishie wapi?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kutukaniana dini.

Wako wanaosema serikali isiguse mambo ya ibada, kwa kuwa ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Ni kweli. Lakini ibara ya 43 inakataza kutumia haki yako kuvunja haki za wengine, na ibara ya 34 inamtaja mtoto waziwazi: asinyimwe matibabu wala elimu kwa sababu ya imani ya mtu yeyote.

Msimamo wangu uko hapo. Mtu mzima akiamua kufunga au kukataa dawa, mwili ni wake. Mtoto hakuchagua. Sheria ya chanjo ya 2017 inamtia hatiani mzazi asiyemchanja mwanawe, na bado huko mashariki kuna vikundi vinavyoficha watoto pale wahudumu wa afya wanapopita nyumba kwa nyumba.

Mnaosema hao ni wachache, kumbukeni Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Kundi la kidini lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa limesajiliwa rasmi. Waumini waliuza mali zao, wakakatazwa hata kuzungumza, wakawa wanaelewana kwa ishara. Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000 moto uliwateketeza kanisani, madirisha yakiwa yamepigiliwa mbao kwa misumari. Mamia walikufa, watoto wakiwamo. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa Rukungiri, Bushenyi, mpaka Buziga hapa Kampala. Hadi leo hakuna kiongozi wao aliyepandishwa kizimbani.

Kinachoniuma ni kwamba dola hiyo hiyo huwa kali kwa wasiomdhuru mtu. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao kwao Jumamosi ni siku ya ibada, walioomba wasifanyishwe mitihani Jumamosi walishindwa kesi hadi Mahakama ya Juu, mwaka 2006. Mimi ningewapa siku nyingine, basi.

Wala siungi mkono wazo la kuwadai wachungaji wote vyeti vya theolojia. Cheti hakimwokoi mtoto aliyefungiwa ndani. Ninachotaka ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aliyepata habari za mtoto kama huyo aripoti, na polisi wafike siku hiyo hiyo, mhusika awe ni mchungaji, shehe au mganga.

Mnaopinga, nijibuni hili: mtoto wa jirani anachemka homa, baba yake anasema hospitali ni dhambi. Mtamwachia siku ngapi?