Chumba cha Mama melini: kulia au kushoto?

Kikundi: Familia ya Ipagala

Neema: Shikamooni wakubwa, mbukwenyi wote. Nataka kulipia chumba cha Mama kwenye meli ya Bergen kwenda Kirkenes, kule Norwei, mwezi wa sita. Wanauliza tunataka upande gani. Mnasemaje?

Mjomba Yohana: Marahaba mpwa wangu. Upande wa nini tena, si meli ileile? Chukua cha bei nafuu, hata kile cha ndani kisicho na dirisha. Akitaka kuona atoke, sitaha ni ya wote.

Tumaini: Mjomba, kwa heshima, na magoti ya Mama yale? Halafu baridi ya kule! Dirisha lazima.

Mama: Nataka dirisha. Nataka kuona watu wanavyoishi, nyumba zao, mifugo yao. Maji matupu sitaki.

Neema: Basi Mama umeshachagua. Meli inapanda kaskazini na pwani ya Norwei. Ukitazama omo, yaani mbele ya meli, bara liko kulia. Kushoto kuna visiwa, pengine bahari tupu.

Tumaini: Na jua je? Basi la asubuhi kutoka Dodoma kwenda Dar mwezi wa saba, aliyekaa kushoto anaungua mpaka Moro.

Neema: Kule jua la mchana linapita kusini. Tukipanda kaskazini, asubuhi linapiga kulia, jioni kushoto. Ila huko juu mwezi wa sita halizami. Saa sita usiku liko kaskazini, linawaka! Meli ikishapita bandari ya Honningsvåg inaelekea mashariki, kwa hiyo jua hilo la usiku linaingia vyumba vya kushoto. Mama akiwa kulia atalala.

Baba Mdogo: Na ile milima ya visiwa vya Lofoten uliyotutumia picha?

Neema: Hiyo ndiyo inaniuma, Baba Mdogo. Kutoka Bodø meli inakata ghuba ya Vestfjorden hadi Stamsund, halafu Svolvær, na Lofoten yote inakuwa kushoto. Ni jioni moja. Nitamvisha Mama koti tutoke nje, hata kama ni kwa kumshika mkono, ile milima haikosi kuiona.

Mjomba Yohana: Mkigeuza si mtaona upande wa pili?

Neema: Tungerudi na meli, upande wowote ungefaa. Lakini Kirkenes tunapanda ndege.

Mjomba Yohana: Hapo nimekuelewa. Mchukulie dada yangu kulia. Kama hela haitoshi niambie.

Tumaini: Neema, angalia ramani ya sitaha kabla hujalipa. Kuna vyumba boti za kuokolea zimening'inia mbele ya dirisha, unalipia dirisha halafu unatazama ubavu wa boti. Tafuta katikati, sitaha ya chini, hapayumbi sana. Omo na tezi, mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka.

Mama: Usiku inasimama?

Neema: Inasimama Mama. Bandari ni zaidi ya 30, nyingine tunafika usiku wa manane wanapakia na kushusha mizigo. Ndiyo maana nakwepa vyumba vya karibu na mlango wa mizigo.

Baba Mdogo: Kimepatikana?

Neema: Kipo! Kulia, katikati, sitaha ya tatu, hakuna boti mbele. Vitanda viwili, nitalala naye. Nalipa?

Mama: Lipa mwanangu, Mungu akubariki. Kesho napita soko la Majengo kutafuta sweta nzito.