Bonde la Ela liko wapi kwenye ramani ya leo?

Mchunguzi: Wakuu, natafuta Bonde la Ela, Daudi alipopigana na Goliathi. 1 Samweli 17 inasema Wafilisti walitua kati ya miji ya Soko na Azeka. Nikitafuta Soko kwenye ramani naletewa Shuweika ya karibu na Tulkarm, mbali kabisa na Gathi, mji wa Wafilisti. Nakosea wapi?

Msomaramani: Umeshika Soko isiyo yenyewe, mkuu. Biblia ina Soko zaidi ya moja. Hiyo ya Tulkarm huhusishwa na 1 Wafalme 4:10. Ya Yoshua 15:48 iko milimani, kusini mwa Hebroni. Yako ni ya Yoshua 15:35, iliyotajwa bega kwa bega na Azeka, Yarmuthi na Adulamu. Ndiyo maana nashauri uanze na Azeka, haina nyingine ya jina hilo ya kukuchanganya.

Tafuta Tel Azeka ("tel" ni kilima cha magofu), kusini mwa Beit Shemesh, magharibi ya barabara namba 38. Kutoka hapo panda na kijito kuelekea kusini-mashariki, kama kilomita 4, hadi karibu na makutano ya barabara 38 na 375. Kilima cha upande wa kusini, ambacho Waisraeli hukiita Givat HaTurmusim, ndicho Soko. Kambi ya Wafilisti ilikuwa kati ya vilima hivyo viwili. Efes-damimu, jina la mahali pa kambi katika mstari wa 1, usiisumbukie, wataalamu hawajakubaliana ni wapi hasa.

Ukitumia ramani za zamani, usitafute "Ela". Zimeandika Wadi es-Sunt, jina la Kiarabu linalotokana na migunga.

Jiwe la Tano: Naongezea kipimo cha kuhakiki: mstari wa 52. Wafilisti walikimbia mpaka Gathi na Ekroni, yaani Tell es-Safi na Tel Miqne. Bonde lako lisipoteremka kuelekea magharibi, umepotea. Hili linateremka hadi miguuni mwa Tell es-Safi.

Mstari huohuo unataja Shaaraimu, jina ambalo kwa Kiebrania linasikika kama "malango mawili". Juu ya bonde, upande wa kaskazini, yapo magofu ya Khirbet Qeiyafa, yaliyochimbwa 2007 hadi 2013 na Yosef Garfinkel na Saar Ganor. Ngome ndogo, lakini ina malango mawili, ndiyo maana wakaiita Shaaraimu. Wapo wanaopinga, na kwa haki: jina peke yake si ushahidi. Itumie kama alama ya njia, usiifanye nguzo ya hoja.

Mchunguzi: Na kijito alichookota Daudi mawe matano? Kwenye picha ya satelaiti sioni maji.

Msomaramani: Hutayaona, ni korongo la msimu. Hujaa mvua za baridi zikinyesha, kiangazi hubaki mchanga na kokoto. Fuata mstari wa vichaka unaopinda katikati ya mashamba.