Naomba ushauri: kupima mabaki ya viuatilifu kwenye hoho za kitalu nyumba kabla ya kuvuna

Ndugu wakulima na wataalamu, nawasalimu. Ninalima pilipili hoho katika kitalu nyumba hapa Arusha, na mnunuzi wangu sasa anataka majibu ya maabara kabla ya mzigo kuondoka, kwa kuwa soko la Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo kwa kiuatilifu chochote kisichowekewa kiwango chake mahususi.

Kinachonisumbua zaidi ni muda wa kusubiri kati ya kupulizia dawa na kuvuna, unaoandikwa kwenye lebo. Ndani ya kitalu hakuna mvua ya kuosha majani, na nailoni huzuia sehemu ya mionzi ya jua inayovunjavunja sumu, hivyo mabaki yanaweza kudumu kuliko kwenye shamba la wazi. Tena hoho huchumwa mara kwa mara, na dawa inayolenga matunda machanga huyafikia pia yaliyokomaa. Je, ninyi huongeza siku ngapi, na huthibitishaje kwamba zinatosha? Hoho hizo hizo ndizo tunazokula nyumbani.

Kadi za kupimia shambani zinazotumia kimeng'enya hugundua hasa viuatilifu vya jamii za oganofosfeti na kabameti, ilhali mimi hutumia abamektini (dawa ya wadudu na utitiri) na azoksistrobini (dawa ya ukungu), ambazo si za jamii hizo, kwa hiyo naona maabara haikwepeki. Mwenye uzoefu anieleze kama sampuli ya kilo moja, yenye matunda yasiyopungua 10 kutoka pande zote za kitalu, inakubalika, namna ya kuisafirisha ikiwa baridi, na kama Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hutoa majibu mapema kabla hoho hazijapitiliza kuiva.